Kengele ya 712

Tulihama kutoka Halifax kwenda Edmonton mwezi wa Oktoba, mimi na mke wangu Eunjo, kwa gari dogo, siku tano barabarani, karibu kilomita elfu tano. Vyombo tuliviweka kwenye lori la kampuni pamoja na vya watu wengine: maboksi arobaini na moja, niliyoyaandika namba kwa mkono wangu. Hatukuhama kwa kupenda. Kibali changu cha kazi kilinifunga kwa mwajiri mmoja, na mwajiri huyo aliamua kufunga tawi lake la Halifax. Nilipewa nichague Edmonton au kurudi kwetu Daegu. Kazi yangu ni kukagua mitambo ya tahadhari ya moto, na majengo yapo kila mji. Kwangu lilikuwa suala la ramani tu.

Kwa Eunjo halikuwa suala la ramani. Binti yetu Sodam alifariki Agosti ya mwaka uliotangulia, kwa homa ya uti wa mgongo, siku nne tangu aliposema kichwa kinamuuma. Alikuwa na miaka sita. Kwetu mtoto hafanyiwi tambiko. Tambiko ni la wazee; mkubwa hamwinamii mdogo, na mtoto aliyewatangulia wazazi wake hawekewi kaburi. Mama yangu alilisimamia jambo hilo kwa simu ya video kutoka Daegu. Alikuwa analia, lakini hakulegeza. Majivu yake tuliyamwaga baharini. Kwa hiyo, kama Eunjo alivyoona, mtoto hakubakiwa na mahali popote duniani isipokuwa fleti namba 608, ghorofa ya sita, na fleti hiyo ndiyo tuliyokuwa tunairudisha kwa mwenyewe.

Wakorea wenzetu wa Halifax, waliozoea kutuita Baba Sodam na Mama Sodam, hawakujua tena watuiteje, wakaacha kutuita. Eunjo peke yake aliendelea kuniita hivyo. Mimi nilimwita kwa jina lake. Tangu nilipojaza fomu ya mwisho ya hospitali nilikuwa sijalitamka jina la mtoto, na sikukusudia kulitamka.

Siku ya kuhama alichagua mama. Zipo siku katika kalenda ya mwezi ambazo mgeni hayupo, maana yake yule pepo anayewafuata watu njiani akawaharibia, na hizo ndizo siku za kuingia nyumba mpya. Mama alizihesabu, akatuma tarehe. Nilimuuliza kama tarehe hiyo ni ya Korea au ya Kanada, kwa sababu asubuhi yao ni jioni yetu ya jana.

"Huyo mgeni ana pasipoti?" alisema mama. "Siku ni siku. Tangulizeni sufuria ya wali ndani, mengine mtapanga wenyewe."

Basi sufuria ya umeme ya kupikia wali haikupanda lori. Ilibaki nasi, ikiwa na vikombe viwili vya mchele ndani.

Kuna jambo moja tena linalofanywa, na hili pia ni la wazee. Kabla ya kuhama mtu huwaarifu marehemu wa nyumba anwani mpya, ili siku ya kumbukumbu yao wasije wakasimama kwenye mlango wa watu wengine. Jioni ya mwisho, nikiwa koridoni nafunga boksi la arobaini na moja, nilimsikia Eunjo akiongea katika chumba kilichokwisha kuwa kitupu. Hakutumia maneno ya wazee. Alitumia namna niliyoianzisha mimi nilipokuwa namfundisha Sodam anwani yetu asije akapotea: unasema kipande, unanyamaza, mtoto anarudia, unasema kingine.

"Edmonton," alisema, akanyamaza. "Mtaa wa mia moja kumi na sita." Akanyamaza. "Ghorofa ya saba. Fleti saba, moja, mbili."

Kila mara alinyamaza kwa sekunde tatu hivi, ambazo ndizo zilizokuwa zikimtosha Sodam. Nilikata utepe wa gundi kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika, naye akatoka.

Barabarani sufuria ilikaa kiti cha nyuma, upande wa kulia, imefungwa mkanda. Eunjo ndiye aliyeifunga. Mhudumu mmoja wa kituo cha mafuta huko Ontario aliniuliza kama ni bomu, nikamwambia ni chakula cha mchana. Siku ya tatu, kwenye kituo kingine cha mafuta, nilipata barua pepe kutoka kwa wenye jengo la Edmonton. Bomba lilikuwa limepasuka katika fleti 712 na dari imeanguka. Wanaomba radhi. Wanatupa fleti 512, ramani ileile, dirisha lilelile, ghorofa mbili chini. Nilijibu kwa neno moja, nakubali, nikalipia mafuta. Sikumwambia Eunjo. Sikumficha, niliona tu hakuna la kusema, kwa kuwa vyumba vilikuwa sawa kwa vipimo vyote.

Tuliingia kwenye lifti siku aliyoichagua mama, Eunjo amekumbatia sufuria. Alibonyeza saba kwa kidole kilichokuwa huru. Nikabonyeza tano.

Nikamweleza habari ya bomba. Alinisikiliza mpaka mlango ukafunguka ghorofa ya tano. Hakutoka.

"Nimemwambia saba," alisema.

Lifti ilifunga mlango ikatupeleka juu hadi ghorofa ya saba, ikafungua, hakuna aliyetoka, nikabonyeza tano tena, ikaturudisha. Hapo ndipo alipotoka na kuingiza sufuria ndani ya 512. Aliiweka sakafuni, karibu na mlango, na haikuondoka hapo kwa wiki nzima.

Maboksi yalifika siku ya kumi na sita tangu tuingie. Eunjo alifungua mawili, la blanketi na la vyombo vya jikoni. Thelathini na tisa yaliyobaki aliyapanga ukutani. Nilipomuuliza tunasubiri nini, alisema hakuna haja ya kuharakisha, huenda 712 ikatengenezwa tukapanda. Nilimwambia mkataba umekwisha kuandikwa 512. Akasema anajua, ameusoma.

Nilikuwa narudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni na sikujua mchana wake unapitaje. Aliyenieleza ni msimamizi wa jengo, Orest, mtu wa Edmonton wa kuzaliwa, mzungumzaji, aliyekuwa na desturi ya kuegemea mlango wa lifti ili usije ukaondoka kabla hajamaliza hadithi yake. Alianza kwa kuniuliza kama mke wangu yuko salama.

Alisema kila siku ya kazi, kuanzia saa tisa alasiri, Eunjo hupanda ghorofa ya saba na kukaa koridoni mbele ya 712. Mafundi wanaobandika mabodi ya jipsamu wamemzoea, wakampa ndoo ya rangi aigeuze akalie. Hasumbui mtu. Anakaa mpaka saa kumi kasoro dakika ishirini.

"Kwa nini saa hiyo?" nilimuuliza.

"Kwa sababu saa hiyo ndiyo kengele inalia," alisema Orest. "Hujaambiwa? Mtu anabonyeza saba, moja, mbili kule mlango wa chini. Simu ya ukutani inalia ndani ya fleti tupu. Mafundi wakipokea, wanasikia barabara tu, magari, upepo. Walitaka waikate waya, mkeo akawasihi wasiikate. Mmoja wao sasa ameanza kuvaa msalaba." Alicheka, akaniita kwa jina. "Usinitazame hivyo, Tak. Jengo hili lina fleti tisini na mizimu sifuri. Kungekuwa na mzimu, angekwisha kunilalamikia habari ya lifti."

Nilimuuliza kama kabla ya bomba kupasuka kengele hiyo ililia bila mtu. Alisema hapana. Aliyeishi humo alikuwa mzee mmoja mgomvi, angelalamika.

Jioni hiyo Eunjo hakukana lolote. Aliniambia yote kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja aulizwe. Basi la shule husimama mbele ya jengo. Baada ya dakika mbili kengele hulia juu. Alikuwa ameshuka mara nyingi hadi mlango wa nje na kusema namba ni 512, na kesho yake ililia tena 712.

"Mimi hanisikilizi," alisema. "Unakumbuka kanuni uliyompa?"

Nilikumbuka. Nilimpa kanuni hiyo alipoanza shule. Mtu yeyote akimkuta njiani akamwambia nyumbani kumebadilika, wazazi wamehama, asimwamini. Hata awe mwalimu. Hata awe jirani. Hata ikisikika sauti kama ya mama. Nyumba ni ile aliyofundishwa, mpaka atakapoambiwa nyingine na baba, kwa mdomo wa baba. Nilimjaribu kwa wiki nzima, mara nikimtuma mama yake amdanganye, na hakushindwa hata mara moja. Nilijivunia.

"Mwambie wewe," alisema Eunjo. "Mara moja tu. Baba Sodam, sikuombi uamini."

Nilimwambia sitasema na mlango. Nilimwambia bomba lilimwaga maji ndani ya ukuta ambamo waya za kengele zinapita, waya zenye maji hugusana, na mimi ndiye mtu wa mwisho katika jengo hili anayepaswa kufundishwa habari hiyo. Hakubishana nami. Aliniuliza tu kama nimezipima.

Nilikuwa sijazipima. Kwa hiyo nilianza kuandika. Kwa siku nane za kazi niliomba kutoka mapema, nikakaa ghorofa ya saba pamoja naye, mimi nimesimama, yeye kwenye ndoo. Kengele ililia saa kumi kasoro dakika ishirini, ikipishana kwa dakika mbili mbele au nyuma. Jumamosi na Jumapili haikulia. Tarehe kumi na moja Novemba, sikukuu, shule zimefungwa, haikulia. Nilidhani kwanza ni jua: alasiri linapiga kibao cha namba kupitia kioo cha mlango wa nje, chuma kinapanuka, vitufe vinashikana. Lakini katika kipindi hicho ilikuwepo Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambapo saa za hapa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Jua halina habari ya saa za watu. Jumatatu yake lilikipiga kibao mapema kwa saa moja. Kengele ililia saa ileile ya ukutani, wakati wa basi.

Orest aliniruhusu kufungua ukuta. Nilizipima waya za 712 kutoka juu hadi chini. Zilikuwa kavu. Mita ilionyesha kile inachoonyesha kwa waya mpya. Nilipima mara tatu, mara ya mwisho kwa mita ya kuazima, maana mita yangu ingeweza kuwa mbovu.

Likabaki jambo la watoto. Basi linashusha watoto, mtoto mtundu anabonyeza namba anakimbia. Siku ya tisa nilisimama kwenye ukumbi mdogo wa chini, kati ya mlango wa nje na wa ndani, nikikitazama kibao kwa umbali wa hatua mbili. Basi lilikuja. Walishuka wawili, wakavuka barabara, wakaingia jengo la upande wa pili. Barabara ikawa tupu. Theluji ilikuwa haijakanyagwa tangu mchana mbele ya mlango wetu, isipokuwa kwa nyayo zangu.

Kioo cha kibao kikawaka. Ikatokea saba. Nilihesabu sekunde bila kukusudia, ni mazoea ya kazi. Sekunde nne, ikatokea moja. Kisha muda mrefu, sekunde sita au saba, ikatokea mbili.

Waya zikigusana namba hutokea zote pamoja, au hazitokei. Sijaona katika miaka kumi na tano waya inayotafuta kitufe. Huko Halifax nilikuwa nikimnyanyua Sodam abonyeze namba ya kwetu mwenyewe, na kila siku alikwama kwenye tarakimu ya mwisho, kidole kimesimama hewani, na kila siku nilimwambia asikisie.

Nilipanda. Eunjo alikuwa bado kwenye ndoo. Nilimweleza nilichokiona kama ninavyoandika ripoti: saa, namba, sekunde kati ya namba na namba, hali ya theluji. Nilidhani atalia, au ataniambia si nilikuambia. Aliinuka, akairudisha ndoo kwa mafundi, akawashukuru.

"Basi twende tukamwambie," alisema.

"Leo ameshapita."

"Kesho, basi."

Nilimwambia kwamba mzazi hamfanyii mtoto tambiko. Ninatambua sasa kwamba lilikuwa neno la ajabu kutoka kwa mtu aliyekuwa anasema haamini.

"Nani kasema tambiko?" alisema. "Huinami, huwashi ubani. Mtoto kapotea njia, unamwelekeza. Mtoto wa mtu mwingine ungemwacha nje kwenye theluji?"

Kesho yake, Alhamisi, tulisimama pamoja kwenye ukumbi mdogo. Kulikuwa na baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Basi lilikuja likaondoka. Dakika ya kwanza ikapita. Eunjo alinisogeza kidogo mbele kwa kunigusa mgongo, kama anavyosukumwa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Nilikuwa nimepanga niseme namba tu. Lakini namba ikisemwa bila jina haijulikani inaambiwa nani. Mtoto anayefuata kanuni angesema huyu si baba, baba huniita. Nyuma yetu mama mmoja wa ghorofa ya pili aliingia na mifuko ya dukani, akanikuta nimekikabili kibao.

"Hawajakufungulia?" aliuliza.

"Bado," nilisema.

Alitufungulia kwa ufunguo wake, akashangaa kwamba hatuingii, akaenda zake. Kioo kikawaka. Saba.

"Sodam," nilisema.

Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. Moja haikutokea kwenye kioo. Saba ilibaki peke yake ikimeta.

"Ni baba. Nyumba imebadilika. Mimi ndiye ninayekuambia." Nikanyamaza sekunde tatu. "Edmonton." Sekunde tatu. "Mtaa wa mia moja kumi na sita." Sekunde tatu. "Ghorofa ya tano. Fleti tano, moja, mbili."

Nilimaliza, nikarudia yote kwa mara ya pili, kwa sababu mara ya pili ndiyo aliyokuwa akishika. Katikati nilisema na jambo ambalo halikuwa sehemu ya anwani, kwamba kosa la namba lilikuwa langu, si lake. Kioo kilibaki na saba mpaka muda wake ukaisha, kikazimika. Eunjo alikuwa ameshika mkono wa koti langu. Tulisubiri hadi vidole vikafa ganzi, kisha tukapanda kwa lifti hadi ghorofa ya tano.

Napaswa kueleza yaliyofuata kwa usahihi. Ijumaa asubuhi fundi wa kampuni ya kengele alikuja akabadilisha kibao chote cha mlangoni, kwa agizo ambalo Orest alilituma wiki mbili kabla na ambalo sikuwa na habari nalo. Tangu siku hiyo 712 haijalia. Mafundi wamemaliza kazi, na anaishi humo mwanafunzi mmoja ambaye hana malalamiko. Orest anasema kilikuwa kibao tangu mwanzo, na ananidai kahawa kana kwamba tuliwekeana dau. Huenda anasema kweli. Mtu akibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, hawezi tena kujua ni kipi kilicholeta mabadiliko. Ningemkemea mwanagenzi wangu kwa jaribio la namna hiyo. Nilimpigia mwenye kampuni nikiomba kibao cha zamani nikifungue. Kilikuwa kimekwisha kutupwa.

Eunjo alifungua maboksi yote kwa siku tatu. Nguo za Sodam alizipanga katika droo ya chini ya kabati, ambayo mtoto angeifikia, na viatu vyake vya ndani aliviweka mlangoni pamoja na vyetu. Analala usiku kucha. Ameanza masomo ya lugha kwenye maktaba ya mtaa, na Wakorea aliokutana nao huko wanamwita Mama Sodam, kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha. Wakimuuliza mtoto yuko wapi, husema ukweli, nao wanaendelea kumwita hivyo.

Mimi nimebadilisha zamu. Naanza kazi saa kumi na mbili alfajiri ili niwe nyumbani saa tisa na nusu. Nakaa kwenye kiti karibu na simu ya ukutani ya 512. Nilikwisha kuijaribu: nilishuka nikabonyeza namba, Eunjo akapokea, inafanya kazi. Basi linapita. Saa kumi kasoro dakika ishirini inafika.

Haijalia. Wiki ya kwanza nilimwambia Eunjo kwamba haijalia, na nikamuuliza anafikiri namba ilisikika sawasawa, maana sauti yangu ilikuwa mbovu.

"Aliyekwisha ingia ndani," alisema, "atapiga kengele ya nini?"

Hakuacha alichokuwa anafanya, alikuwa anakunja taulo. Mimi sijaona humu ndani jambo lolote la kupimika linaloonyesha kwamba kuna aliyeingia. Nakaa kwenye kiti mpaka saa kumi kamili, kisha nawasha taa, maana Desemba hapa giza huingia mapema.